Tusihesabu Miche, Tupime Mboji

Katika miji yetu ya madini, kupanda miti kumekuwa jibu la kila swali. Shimo la mgodi limeachwa wazi? Tupande miti. Moshi wa tanuru umeacha uwanja ambao hauoti hata nyasi? Tupande miti. Mvua za Novemba zikianza, hotuba hutolewa, miche huingizwa ardhini, picha hupigwa, na idadi ya miche huandikwa kwenye ripoti. Baada ya miaka miwili mitatu, pale mahali pakiwa pa kijani, tunaambiwa kwamba ardhi imepona.

Ninapinga maneno hayo, na ninaomba wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu wanisikilize hadi mwisho kabla ya kunihukumu kuwa adui wa miti. Sina ugomvi na mti. Ugomvi wangu ni na kipimo. Ardhi iliyochafuliwa na metali nzito haipimwi kwa macho, wala kwa hesabu ya miche iliyoshika. Hupimwa kwa mambo mawili: mboji imeongezeka kiasi gani, na metali imetulia kiasi gani ndani ya udongo. Mradi ambao haujui majibu ya maswali hayo mawili umefunika kombe ili mwanaharamu apite. Atakayekula kilichomo ndani ya kombe hilo ni mtoto wa jirani.

Tuanze na Lubumbashi, mji uliozaliwa na shaba. Mji ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la Union Minière du Haut-Katanga likaanza kuyeyusha shaba. Mwaka 1967 mali za kampuni hiyo zilitaifishwa, na shirika lililozirithi ndilo tunaloliita leo Gécamines. Kwa miongo mingi moshi wa lile bomba refu ulibeba salfa pamoja na vumbi la shaba, zinki, risasi, kobalti na kadimiamu. Pepo za kusini-mashariki ziliusukuma moshi huo upande wa kaskazini-magharibi, juu ya mitaa kama Penga Penga. Salfa iliuchachusha udongo. Shaba iliua mizizi. Msitu wa miombo uliondoka, majani hayakuanguka tena, na mvua zikalichukua tabaka la juu ambalo lilikuwa na mboji yote. Kilichobaki ni ardhi tupu katikati ya makazi ya watu.

Angalia mpangilio wa maafa hayo. Mti ulikufa, lakini kifo cha mti hakikuwa mwisho. Mwisho ulikuja pale mboji ilipokwenda. Udongo usio na mboji haushiki maji, haushiki chakula cha mmea, na hauna cha kuizuia shaba isitembee. Kwa hiyo anayetaka kurudisha alichoharibu hana budi kurudisha mboji. Mti ni njia mojawapo ya kufika huko.

Kuna watu watanijibu kwamba mimea hufyonza sumu, kwa hiyo tukipanda na kusubiri, ardhi itasafika yenyewe. Jibu hili linapendwa sana kwa sababu ni tamu na halina gharama. Tulipime kwa hesabu ya kawaida, ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya.

Chukua hekta moja ya udongo hadi kina cha sentimita 20. Udongo huo una ujazo wa mita za ujazo 2,000, na uzito wake ni kama tani 2,600. Tuseme kila kilo ya udongo ina miligramu 5,000 za shaba, kiasi ambacho si cha ajabu karibu na tanuru. Basi hekta hiyo ina tani 13 za shaba. Sasa panda nyasi zinazotoa tani 5 za majani makavu kwa mwaka, na tuseme kila kilo ya majani ina miligramu 200 za shaba. Ukizikata zote na kuzipeleka mbali, umeondoa kilo moja ya shaba. Zimebaki kilo 12,999. Kazi hiyo itakwisha baada ya miaka 13,000. Hata ukipata mmea wa ajabu wenye miligramu 1,000 katika kila kilo, na ukaotesha tani 5 zilezile, utahitaji miaka 2,600.

Tena mimea ya ajabu yenyewe imepungua. Zamani iliandikwa kwamba vilima vya shaba vya Katanga vina mimea mingi inayorundika shaba nyingi mno majanini. Wataalamu walipoyaosha majani vizuri kabla ya kuyapima, waligundua kwamba sehemu kubwa ya shaba hiyo ilikuwa vumbi lililoganda juu ya majani. Somo hilo tusilisahau: hata maabara inaweza kudanganywa na kinachoonekana kwa nje.

Basi metali haiondoki. Haiozi kama mzoga wala haichakai kama nguo. Iliyoletwa mwaka 1911 inaweza kuwa bado ipo pale ilipoangukia, au imehamia mtoni, kisimani, au kwenye mboga. Tunaloweza kulifanya kwa kutumia mimea ni kuituliza: kuizuia isipeperuke na upepo, isizame hadi kwenye maji ya chini, na isipande hadi kwenye sahani. Hapo ndipo mboji inapoingia.

Wakulima wetu wanaijua mboji kwa rangi na harufu. Ni ule weusi wa udongo uliokaa chini ya majani miaka mingi. Kikemia, mboji ina sehemu nyingi zenye chaji hasi, na metali nyingi zina chaji chanya, hivyo mboji huzikamata kama kiganja kinavyokamata punje. Haizikamati zote kwa nguvu sawa. Shaba na risasi hushikwa sana. Kobalti, zinki na kadimiamu hushikwa kwa ulegevu zaidi. Na kiganja hicho hufunguka udongo unapochachuka, kwa sababu asidi huja na chaji chanya zake na kuzisukuma metali nje. Kwa hiyo mtu anayesema "tumeongeza mboji" bila kutaja uchachu wa udongo amesema nusu ya jambo. Mboji na chokaa ni ndugu wawili, na katika ardhi yetu iliyochachushwa na salfa, mmoja hawezi kazi bila mwenzake.

Jambo hili si ndoto ya darasani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao walilijaribu palepale Penga Penga kwa miaka mitatu. Walichanganya udongo mtupu na chokaa pamoja na mbolea ya mimea iliyooza, kisha wakaotesha nyasi fupi ya asili ya vilima vya shaba, Microchloa altera, ambayo imezoea shaba tangu enzi za mababu. Hatua ya kwanza ilikuwa kuutibu udongo. Mmea ulifuata. Katika sherehe zetu za kupanda miti, mara nyingi tunaigeuza hatua hiyo kichwa chini, miguu juu: tunachimba shimo, tunalijaza udongo mzuri kutoka kwingine, tunapanda mche, na mche unanawiri. Lakini umenawiri ndani ya chungu kilichofukiwa. Siku mizizi itakapotoka kwenye shimo na kuikuta ardhi yenyewe, nani atakuwa bado anapima? Na nafasi iliyo kati ya shimo na shimo, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uwanja, imebaki vilevile.

Sasa niwaonye pia wale wanaokubaliana nami haraka kupita kiasi. Mboji nayo ina mitego yake, na anayeipima vibaya atajidanganya kama yule anayehesabu miche.

Mtego wa kwanza ni kudhani kwamba majani yaliyorundikana ni mboji. Huko Avonmouth, Uingereza, karibu na kiwanda cha kuyeyushia zinki na risasi, misitu ilikuwa na zulia nene la majani yasiyooza. Mpita njia angesema udongo huo ni tajiri. Ukweli ni kwamba metali ziliwapunguza nyungunyungu na wadudu wengine wanaoyasaga majani, kwa hiyo majani yalikaa juu ya udongo bila kuingia ndani yake. Maabara ikipima kaboni tu, itatoa namba kubwa na kila mtu atapiga makofi. Namba hiyo ingekuwa dalili ya ugonjwa. Ndiyo maana ni lazima kuuliza kama kuna viumbe vinavyofanya kazi: nyungunyungu, mchwa, kuvu na vijidudu vinavyopumua ndani ya udongo.

Mtego wa pili ni mbolea mbichi. Samadi changa hutoa vipande vidogo vya mboji vinavyoyeyuka katika maji, na shaba hupenda kuvidandia. Badala ya kushikwa mahali pamoja, inasafiri navyo kwenda chini. Mbolea ikiiva vizuri kabla ya kutumika, hatari hiyo hupungua.

Mtego wa tatu ni miti inayopandisha metali juu. Baadhi ya mipopla na mierebi huko Ulaya huvuta kadimiamu na zinki kutoka chini kwa mizizi, huzipeleka majanini, kisha huangusha majani hayo juu ya ardhi. Baada ya miaka kadhaa tabaka la juu, ambalo mtoto hulichezea, linaweza kuwa na metali nyingi kuliko mwanzo. Vilevile miti jamii ya akasia, tunayoisifu kwa kurutubisha udongo kwa naitrojeni, inaweza kuongeza uchachu ikipandwa peke yake kwa muda mrefu. Hii haina maana kwamba akasia ni mbaya. Ina maana kwamba chokaa lazima iendelee, na kipimo lazima kirudiwe.

Wapo watakaonitajia Bamburi, karibu na Mombasa, na nina furaha wakiitaja. Huko, kuanzia mwaka 1971, René Haller alianza kurudisha uhai kwenye machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa jiwe tupu la matumbawe. Mivinje ilishika. Lakini majani ya mvinje ni magumu kuoza, yakawa yanalala chini bila kugeuka kitu. Haller hakujisifu kwa kuhesabu mivinje. Aliwatafuta majongoo, akawaleta, nao wakayala majani na kuyageuza kuwa mwanzo wa mboji. Kisha miti mingine ikaweza kuota, na leo pale pana msitu na wanyama. Bamburi inathibitisha hoja yangu: mti ulifungua mlango, jongoo na mboji ndio waliojenga nyumba. Pia inatukumbusha tofauti yetu. Tatizo la Bamburi lilikuwa jiwe tupu lisilo na udongo. Letu ni udongo wenye sumu na uchachu. Anayechukua picha ya Bamburi na kuahidi matokeo yaleyale katika uwanja wa shaba anawahadaa watu.

Tuhesabu tena, safari hii mboji. Kuongeza asilimia moja tu ya mboji katika zile tani 2,600 za hekta moja kunahitaji tani 26 za mboji. Tuseme mimea inaangusha tani 5 za majani na mizizi mikavu kwa mwaka. Sehemu kubwa hurudi hewani vijidudu vinapoila. Tuseme tano moja ndiyo inayobaki kuwa mboji, yaani tani moja. Basi tunazungumzia miaka 26, na hiyo ni kama hakuna kinachopotea njiani. Mradi wa miaka mitatu unaodai kuwa umerudisha udongo unadai muujiza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki hakijazwi na awamu moja ya ufadhili.

Na kwetu hasara ya njiani ni kubwa. Kila kiangazi Katanga inawaka moto. Nyasi na majani ambayo yangekuwa mboji ya kesho huwa majivu ya leo, na metali iliyokuwa imeshikwa ndani yake huachiwa upepo. Miti ikikua kidogo, hukatwa kwa ajili ya makala. Siwalaumu wanaokata, kwa maana bukari haipikwi kwa hotuba. Ninachosema ni kwamba mradi unaopanda miti bila njia ya kuzuia moto, na bila kuwapa wakazi kuni kutoka mahali pengine palipo salama, umepanda makala.

Najua pingamizi mbili zitakazokuja. Ya kwanza inasema: hata kama mboji haijapimwa, mti unazuia vumbi, na vumbi ndilo linaloingia mapafuni mwa watoto. Hiyo ni kweli, nami naikubali kwa mikono miwili. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya metali Katanga walikuwa na metali nyingi mkojoni, hasa kobalti, kuliko watu wa mbali, na watoto walizidi watu wazima. Kupunguza vumbi ni kazi ya heshima. Lakini vumbi huzuiwa vizuri zaidi na nyasi zinazofunika ardhi yote kuliko miti iliyosimama mbalimbali juu ya udongo mtupu. Isitoshe, ukijani usiopimwa huleta hatari mpya: huwaita watu. Mama akiona mahali palipokuwa jangwa pameota, kwa nini asipande lengalenga na matembele? Kwa nini mbuzi wasichunge? Ardhi tupu ilikuwa na aibu ya kusema ukweli. Ardhi ya kijani inasema "karibuni". Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na anayemkaribisha mgeni ni lazima ajue ndani kuna nini.

Pingamizi la pili ni gharama. Tunaambiwa kupima mboji, uchachu na metali inayotembea ni kazi ya nchi tajiri. Sikubali. Kupima uchachu ni rahisi. Kuhesabu nyungunyungu kunahitaji jembe na subira. Mboji hukadiriwa kwa kuchoma udongo uliokauka ndani ya tanuru dogo la maabara na kupima uzito uliopotea. Metali ndiyo yenye gharama, lakini shaba inayotoka hapa hupimwa kila siku pale inapouzwa, hadi chembe ya mwisho. Iweje ishindikane kupimwa inapobaki chini ya miguu yetu? Zaidi ya hayo, Kanuni ya Madini ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtaka mwenye mgodi aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kurudisha mazingira. Tusiseme basi kwamba hakuna anayepaswa kulipa. Tuulize dhamana hiyo inarudishwa kwa ushahidi gani.

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne, na kila moja linaweza kuanzia katika vyuo vyetu.

Kwanza, ripoti ya mradi wowote wa kurudisha ardhi ya madini isikubaliwe bila namba za udongo za kabla na za baada: mboji, uchachu, metali yote iliyopo, na ile sehemu inayoweza kuyeyuka na kutembea. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu, kwa sababu jumla haitabadilika katika maisha yetu. Pili, udongo utibiwe kabla ya kupanda. Chokaa ipo Kakontwe, karibu na Likasi. Udongo wa vichuguu vikubwa vya Katanga, wenye mfinyanzi na kalisi kuliko udongo wa jirani, wakulima wanautumia tangu zamani. Mabaki ya masoko yetu yanaoza bure mitaroni. Tatu, nyasi na mimea ya asili ya vilima vya shaba ipewe nafasi ya kwanza. Vilima hivyo vina zaidi ya aina 500 za mimea, baadhi haipatikani popote pengine duniani, na tunavichimba kabla hatujakusanya mbegu zake. Tunaharibu dawa huku tukilalamikia ugonjwa. Nne, matokeo yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa palepale uwanjani: hapa pamepandwa, hapa pasilimwe mboga, kipimo kijacho ni mwaka fulani. Wataalamu wanasoma Kifaransa, lakini anayelima ukingoni mwa uwanja huo anasema Kiswahili, na mapafu yaliyo hatarini ni yake.

Tena kazi hii inatufaa sisi wanafunzi kuliko mtu yeyote. Mfadhili huja na kuondoka. Waziri hubadilishwa. Lakini chuo kinabaki, na kila mwaka kinapokea vijana wapya wanaotafuta mada ya utafiti. Kundi moja likichukua udongo wa uwanja uleule mwaka huu, jingine mwakani, na jingine baada yake, kwa kina kilekile na kwa njia ileile, baada ya miaka 26 tutakuwa na ushahidi ambao hakuna hotuba itakayoupinga. Wahadhiri wetu wanaweza kuamua jambo hilo katika kikao kimoja.

Tanuru la Lubumbashi lilichafua kwa subira, mwaka baada ya mwaka, vizazi vitatu mfululizo. Anayekuja kurekebisha kwa mche mmoja na picha moja anatudharau. Wakituletea tena ripoti yenye idadi ya miche, tuipokee kwa adabu, kisha tuulize: mboji ni kiasi gani, na shaba imelala au inatembea? Wasipokuwa na jibu, tuwarudishe uwanjani na jembe.